Fahamu: Michoro ya Joy Adamson na Isiolo

Joy Adamson alikuwa nani?
Alikuwa mchoraji na mwandishi aliyezaliwa Austria-Hungaria mwaka 1910 na kufika Kenya 1937. Aliishi Isiolo na mumewe George, afisa wa wanyamapori. Kitabu chake kuhusu simba Elsa, *Born Free*, kilitoka 1960.

Aliacha nini?
Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Mamia ya picha hizo yanahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Zinaonyesha shanga shingoni, hereni na mitindo ya nywele. Nyumba yake ya Naivasha, Elsamere, sasa ni makumbusho.

Kwa nini picha hizi ni muhimu Leparua, Isiolo?
Wafugaji wa Isiolo wana haki ya kuona jinsi mavazi ya mababu zao yalivyorekodiwa. Hata hivyo, mchoraji alikuwa mgeni aliyetumwa na mkoloni. Kwa hiyo picha zisomwe sambamba na simulizi za wazee, na nakala zake zifike shuleni mashinani.

Alifariki lini?
Aliuawa Shaba, Isiolo, Januari 1980.