Ruta ya Pili: Kasi Inauzwa Mlangoni, Inapotelea Sebuleni

Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani bila kugusa bei. Mteja wa shilingi 2,999 kwa mwezi alitoka megabiti 10 kwa sekunde akapewa 15, wa shilingi 6,299 akatoka 40 akafika 80, na wa shilingi 12,499 akarushwa kutoka 100 hadi 500. Juu yao kikaongezwa kifurushi cha gigabiti moja kwa shilingi 20,000. Starlink ilikuwa imeingia Kenya mwaka mmoja kabla, Julai 2023, na vita vya kasi vilikuwa vimepamba moto. Ila kasi hiyo hupimwa hadi kwenye kijisanduku cheupe kilichotundikwa sebuleni. Kutoka hapo hadi kwenye simu ya mtoto aliyejifungia chumbani, ahadi imekwisha na mteja yuko peke yake.

Pengo hilo ndilo linalolisha maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na ya Kariakoo, Dar es Salaam. Kwenye rafu kuna TP-Link, Tenda, Mercusys ambayo nayo ni ya TP-Link, D-Link, na kwa wenye kujua wanachotafuta, MikroTik kutoka Latvia. Mnunuzi anayekuja na malalamiko ya Wi-Fi kutofika chumbani huonyeshwa antena kwanza: ya mbili, ya nne, ya sita. Antena ni rahisi kuuza kwa sababu zinahesabika kwa macho. Hata hivyo nguvu ya ruta kurusha mawimbi ina kikomo kilichowekwa na wasimamizi wa masafa, na mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta ikipiga kelele hadi ghorofa ya pili, simu nayo inapaswa kujibu, na simu ina redio dhaifu na betri ya kuhurumia.

Baada ya antena huja namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. AC1200 ni jumla ya megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za masafa ya gigahezi 5. AX3000 ni 574 na 2,402 zikijumlishwa. Kwa kawaida simu hukaa kwenye masafa mamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo haimfikii mtu yeyote. Na hata upande mmoja ukitazamwa peke yake, namba hiyo ni ya mawimbi katika hali nzuri kupita kiasi. Ukiipata nusu yake ukiwa chumba kimoja na ruta, umepata haki yako.

Namba yenye maana kwa mteja wa leo huandikwa kwa maandishi madogo upande wa nyuma: kasi ya matundu ya kebo. Archer C50 ya TP-Link, ruta ya AC1200 yenye antena nne, ina matundu ya megabiti 100. Archer C6, inayofanana nayo sana kwa umbo, ina matundu ya gigabiti. Mteja wa megabiti 80 hataona tofauti kati ya hizo mbili. Mteja wa 500 akibeba C50 kwenda nayo nyumbani atakuwa amenunua kizuizi, kwani chochote kitakachopita kwenye tundu lile kitagota kwenye 95 hivi. Atapima, atakasirika, atapiga simu kwa kampuni ya intaneti, na fundi atakuja kukuta faiba haina shida.

Kabla ya kununua chochote inafaa kujua kijisanduku cha kampuni kinafanya kazi gani, maana ni mashine mbili ndani ya ganda moja. Ya kwanza ni kipokezi cha faiba. Faiba nyingi za majumbani hapa kwetu ni za mfumo wa GPON, ambapo uzi mmoja kutoka kituo cha kampuni hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, zikigawana megabiti 2,488 za kushusha na 1,244 za kupandisha. Kipokezi lazima kisajiliwe na mitambo ya kampuni kwa namba yake, ndiyo sababu huwezi kununua chochote Luthuli ukakichomeka moja kwa moja kwenye uzi wa faiba ukatarajia kifanye kazi. Mashine ya pili ni ruta ya kawaida yenye redio ya Wi-Fi. Hii ya pili ndiyo inayolalamikiwa, na bahati nzuri ndiyo unayoweza kuizima.

Kampuni zina sababu zao za kutoa vifaa vya kiasi. Huagiza kwa makumi ya maelfu, zaidi kutoka Huawei na ZTE, na kila dola inayoongezwa kwenye kifaa kimoja huongezeka mara idadi ya wateja wote. Muhimu zaidi kwao ni kukiona kifaa kwa mbali: mhudumu wa simu anapokuambia uzime uwashe, mara nyingi tayari ameangalia kwenye kompyuta yake kama taa ya faiba inawaka na mwanga unafika kwa nguvu gani. Ukiweka ruta yako, macho yake yanakomea kwenye kipokezi. Ni hoja ya kweli, si kisingizio, na anayenunua ruta ya pili akubali kuwa kuanzia siku hiyo fundi wa Wi-Fi ni yeye mwenyewe.

Hatua ya kwanza haina gharama. Chukua kompyuta, iunganishe na kijisanduku cha kampuni kwa kebo, kisha upime kasi. Ikiwa kwenye kebo unapata ulicholipia na kwenye Wi-Fi hupati, tatizo ni redio au mahali ilipowekwa. Ikiwa hata kwenye kebo hupati, ruta mpya haitakusaidia lolote. Ni jambo la ajabu jinsi wachache wanavyofanya jaribio hili kabla ya kwenda mjini na pesa.

Mahali penyewe huchaguliwa vibaya tangu siku ya kwanza. Fundi wa kampuni analipwa kwa kazi anayomaliza, hivyo hutoboa ukuta ulio karibu zaidi na nguzo, na kifaa kinaishia nyuma ya televisheni kwenye kona ya nyumba. Nusu ya mawimbi yanamhudumia jirani. Katika nyumba za mawe za Nairobi kuta mbili zinatosha kuua masafa ya gigahezi 5. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kuta nene za matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unatosha. Gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini zina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo la ghorofa lenye familia arobaini, kila mmoja anamkanyaga mwenzake.

Kwa nyumba kama hizo ruta yenye nguvu haipo. Kilichopo ni kuisogeza. Kebo ya Cat6 ya mita 15 iliyopitishwa pembezoni mwa dari, na ruta ya bei ya kati upande wa pili ikiwa imewekwa katika hali ya kurusha Wi-Fi tu bila kugawa anwani, itashinda ruta ya gharama mara tatu iliyowekwa pembeni ya kile kijisanduku. Zima Wi-Fi ya kijisanduku au ipe mpya jina na nenosiri lile lile, na kazi imeisha. Hakuna kibali cha kampuni kinachohitajika. Vifaa vya kupokezana kama Deco za TP-Link huuzwa kama njia ya kuepuka kebo, na hufanya kazi, ila kila kifaa kinachopokea kwa hewa na kurusha kwa hewa hiyo hiyo hupoteza sehemu kubwa ya kasi njiani. Vikiunganishwa kwa kebo, ni vizuri sana. Vikiachwa hewani nyuma ya ukuta wa matumbawe, utakuwa umenunua mapambo.

Wapo wanaotaka zaidi, kijisanduku kibaki daraja tu na ruta yao ishike kila kitu. Hapo lazima uombe kampuni ibadilishe mpangilio na ikupe jina na nenosiri la kuunganishia, na majibu hutegemea kampuni na mhudumu uliyempata. Faida yake ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Ruta mbili zikifuatana hazimsumbui anayetazama filamu. Humsumbua mcheza michezo ya mtandaoni au mwenye kamera anayetaka kuzifikia akiwa nje. Na kwa kuwa kampuni nyingi hugawa anwani moja ya umma kwa wateja wengi, hata daraja halikupi anwani yako peke yako.

Hali ni tofauti kwa wapangaji ambao mtoa huduma mdogo wa mtaani amewaletea kebo ya kawaida hadi mlangoni kutoka swichi ya jengo. Hapo kifaa cha kampuni ni ruta tupu, na kuibadilisha ni suala la kunakili mipangilio na pengine kuwapigia simu waisajili namba ya kifaa kipya. Hao ndio wateja ambao ruta nzuri huwalipa haraka zaidi.

Wanaosoma ushauri wa Marekani kuhusu kubadili ruta wakumbuke kuwa hesabu ya huko ni nyingine. Kule kampuni nyingi hukodisha kifaa kwa malipo ya kila mwezi, na sheria iliyoanza kutumika Desemba 2020 inakataza kumtoza mteja kodi ya kifaa ambacho kampuni haikumpa. Anayenunua chake anaokoa pesa. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Agosti 2016 mtandao wa kampuni unaishia kwenye tundu la ukutani na kila kitu baada ya hapo ni hiari ya mteja, ndiyo sababu ruta za FRITZ!Box za kampuni moja ya Berlin huuzwa rejareja, zikiwemo za kupokea faiba moja kwa moja. Kwetu, kifaa mara nyingi huja ndani ya bei ya huduma na hubaki mali ya kampuni. Ukikirudisha kabatini hakuna senti inayorudi, hivyo ruta ya pili ni gharama mpya kabisa, na ipimwe hivyo.

Kwa hesabu hiyo, mteja wa megabiti 15 au 30 mwenye vyumba viwili asinunue. Asogeze kijisanduku katikati ya nyumba na atumie pesa kwa kitu kingine. Wa megabiti 80 anahitaji masafa mawili, na ruta ya Wi-Fi 5 yenye matundu ya gigabiti inamtosha kwa miaka. Wi-Fi 6, iliyoanza kuthibitishwa mwaka 2019, ina maana kwa nyumba yenye vifaa vingi vinavyotumika pamoja, au kwa kifurushi cha 500 kwenda juu. Archer AX23 au hAP ax² ya MikroTik ni mifano ya kuanzia, ingawa ya pili itamtesa asiyependa kusoma maelekezo. Wi-Fi 7 iachwe kwa wenye simu mpya na pesa za ziada.

Ruta za mtumba zina bei ya kuvutia, zikiwemo za 5G zilizofunguliwa ili zikubali laini yoyote. Tatizo lake ni programu ya ndani isiyosasishwa tena. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya jeshi la kamera na ruta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na Novemba mwaka huo toleo lake lililobadilishwa liliwakatia intaneti wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom. Tazama kibandiko chini ya ruta: jina la modeli hufuatwa na toleo, v2 au v3, na toleo moja linaweza kuwa bado linapata masasisho wakati jingine limeachwa. Tovuti ya mtengenezaji huonyesha tarehe ya sasisho la mwisho. Ikiwa ni ya miaka minne iliyopita, mwachie muuzaji ruta yake.

Kinachosahaulika ni umeme. GPON haina kifaa kinachohitaji umeme kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako, kwa hiyo taa zikizimika mtaa mzima faiba inaweza kuendelea mradi kijisanduku kina betri. Ndiyo maana betri ndogo za volti 12 zimekuwa bidhaa ya kawaida madukani. Ukiongeza ruta ya pili umeongeza mlaji wa pili. Archer C6 hutumia adapta ya ampea 1, lakini ruta kubwa za Wi-Fi 6 hutaka 2, na betri iliyotengenezwa kutoa ampea 2 kwa jumla haitaweza kuzibeba zote mbili zikifanya kazi kwa nguvu. Muuzaji mzuri atakuuliza kwanza una betri gani.