Umeme wa Luviro: Bitcoin ikae mkiani, wananchi mbele

Septemba 2020, kando ya mtambo wa umeme wa Luviro, katika wilaya ya Lubero inayouzunguka mji wa Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kompyuta zilizopangwa ndani ya makontena zilianza kuchimba sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Mwenye mtambo ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kongwe kuliko zote barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa nini hifadhi ya sokwe iingie katika biashara inayolaumiwa duniani kote kwa kuchafua hewa?

Kwanza tuelewe uchimbaji wenyewe. Kompyuta hubahatisha namba mabilioni kwa mabilioni, na kila baada ya dakika 10 hivi mchimbaji mmoja huipata inayokubalika, akalipwa. Kila namba inayokubalika ikishapatikana mara 2,016, mtandao hupima kasi. Mashine zikiwa zimeongezeka, fumbo hufanywa gumu zaidi. Ndiyo maana mashine bora peke yake haipunguzi matumizi ya umeme: mwenyewe huongeza nyingine, wenzake nao huongeza, na zawadi inabaki ileile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wanakadiria kuwa Bitcoin hula zaidi ya saa-terawati 100 za umeme kwa mwaka, na karibu nusu yake hutokana na gesi na makaa ya mawe.

Luviro hakuna makaa ya mawe. Maji ya mto huchepushwa, hushuka kwa bomba, huzungusha mitambo, kisha hurudi mtoni. Mtambo una uwezo wa megawati 14 na ushei. Lakini mtambo wa aina hii hauna bwawa kubwa la kuweka akiba: maji yasiyotumika saa hii yamekwenda zake. Mtambo ulipokamilika, nguzo na nyaya za kufikisha umeme kwa watu zilikuwa bado, na kuzijenga kulihitaji fedha na usalama. Wakati huohuo utalii ulianguka: utekaji wa watalii wa mwaka 2018 uliifunga hifadhi kwa miezi kadhaa, Ebola ikaishambulia miji ya Beni na Butembo kuanzia Agosti mwaka huo, kisha ikaja korona. Mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, akashirikiana na mwekezaji Mfaransa Sébastien Gouspillou. Kati ya makontena 10, matatu yalikuwa ya hifadhi. Wenye yale saba waliilipa hifadhi gharama ya umeme.

Kwa hiyo Luviro ilikuwa na hoja ya kweli: umeme ambao ungepotea uligeuzwa kuwa mishahara ya walinzi. Hoja hiyo hudumu pale tu ambapo hakuna mwingine anayeusubiri umeme huo. Mashine moja ya wati 3,250 ikiwaka kutwa kucha hutumia uniti 78. Nyumba yenye taa tano za wati 10, zikiwaka saa tano, hutumia robo uniti. Mashine moja, basi, ni sawa na nyumba zaidi ya 300. Na kila jiko la Butembo linalopikia mkaa kwa kukosa umeme linaweza kuongeza shoka katika msitu uleule wa Virunga.

Njia nyingine zipo. Sarafu nyingine ya kidijitali, Ethereum, iliacha uchimbaji Septemba 2022, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kampuni ya Gridless, nchini Kenya, huweka mashine kwenye mitambo midogo ya maji vijijini ili zinunue umeme wa ziada na kuzimwa wateja wanapouhitaji. Hilo la kuzima ndilo la maana. Kompyuta ya kuchimba huzimwa kwa sekunde bila hasara kubwa. Chumba cha upasuaji hakizimwi, wala mashine ya kusaga mahindi.

Mkataba wowote wa uchimbaji Kivu Kaskazini uandikwe hivyo: nyumba, hospitali na viwanda vya Butembo na Beni kwanza, mashine za kuchimba zipewe mabaki. Utaje nani atabeba kompyuta zilizochakaa, zisije zikatupwa bondeni. Na kila mwaka hifadhi itangaze ni uniti ngapi zilikwenda kwa Bitcoin na ni nyumba ngapi mpya zilipata umeme. Namba ya pili isipopanda, makontena yaondoke.