Kifafa na Usingizi wa Mtoto

Mtoto wetu wa tatu alikuwa na umri wa miaka minne alipoanza kugutuka usiku. Yapata saa tisa mkono wake mmoja ulitetemeka, macho yakakaza upande mmoja, udenda ukamtoka. Kisha akalala fofofo, na asubuhi hakukumbuka lolote. Bibi yake alisema ni degedege. Mimi, niliyekwenda ng'ambo kusomea elimu ya viumbe hadi shahada ya udaktari wa falsafa, niliinua taa nikamtazama tu. Jirani akaleta kijiko tukitie katikati ya meno ya mtoto, nasi tukakipokea kwa shukrani. Baadaye tulifahamishwa kwamba lilikuwa kosa la hatari.

Degedege hasa ni mishtuko inayoletwa na homa kali, aghalabu kwa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa hospitali bila kukawia, kwani huenda homa hiyo ni ya malaria au ya uti wa mgongo. Mwanangu hakuwa na homa, na mishtuko yake ilirudi tena na tena. Hicho ni kifafa.

Umeme wa ubongo

Chembe za neva za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, aliunasa umeme huo juu ya kichwa cha binadamu, akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Tuchukue mfano wa darasa. Mtu akiwa macho, chembe zake ni kama wanafunzi katika kazi za vikundi: kila kikundi kina mazungumzo yake, na asimamaye mlangoni husikia mvumo tu. Katika usingizi mzito chembe nyingi hufuata mdundo mmoja, mithili ya darasa linaloimba jedwali la kuzidisha. Kifafa hutokea kundi la chembe linapopaza sauti moja kwa nguvu kupita kiasi, lisiweze kunyamazishwa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya vifafa hupendelea usiku: mdundo mmoja umekwisha kuandaliwa. Katika usingizi wa ndoto, uliotambuliwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman huko Chicago mwaka 1953, chembe huacha kwenda pamoja, na mishtuko hupungua.

Hapa ndipo shida ya mzazi inapoanza. Kifafa hukatiza usingizi, na upungufu wa usingizi nao huchochea kifafa. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 huhitaji saa 10 hadi 13 za kulala kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Dawa nayo ina taabu zake. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, ni ya bei nafuu na huwafaa wengi. Lakini humsinzisha mtoto mmoja na kumfanya mwingine asitulie.

Funzo la Mahenge

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, nchini Tanzania. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kuguswa.

Aliwaona pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara. Wenyeji husema juu ya mtoto kama huyo, "amesinzia kichwa". Kumbe si kusinzia: ni aina ya mshtuko wa kifafa, ambao utafiti umeuhusisha na maradhi ya usubi. Yampasa mwalimu akumbuke jambo hili kabla hajamwadhibu mwanafunzi anayeinamisha kichwa darasani.

Yapasayo kufanywa

Mtoto akishikwa na kifafa, mwondolee vitu vya kumdhuru, mweke kitu laini chini ya kichwa, umlaze ubavu, na uitazame saa. Usimkandamize, wala usimtie kitu chochote kinywani. Mshtuko ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali upesi.

Nyumbani alale na kuamka saa zile zile kila siku. Asilale karibu na moto, wala asiachwe peke yake kisimani au mtoni. Dawa isikatishwe ghafla kwa kuwa mtoto ameonekana kupona. Kufanya hivyo kwaweza kuleta mishtuko mfululizo inayohatarisha maisha.

Kilichotusaidia zaidi ni daftari la kurasa 40. Mama yake aliandika saa ya kulala, saa ya dawa, saa ya mshtuko na muda wake. Baada ya miezi miwili daktari alilisoma, akatuonyesha jambo tusiloliona: mishtuko mingi ilifuata siku za wageni na sherehe, tulipomchelewesha kulala na kusahau dawa ya jioni. Tulikuwa tumezoea kuwalaumu watu wengine.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo.

Mwanangu sasa yuko shule ya msingi. Mwaka jana alianguka darasani. Mwalimu wake aliwasogeza wenzake, akamlaza ubavu, akatazama saa: dakika 2. Kisha aliwaeleza wanafunzi kilichotokea, akaendelea na somo la hesabu. Kesho yake mtoto alirudi shuleni, na rafiki yake alikuwa amemwekea nafasi kwenye dawati lile lile.