Mtoto Asiye na Huruma Hatengenezwi kwa Bakora

Wako watoto mitaani mwetu ambao wakimwumiza mwenzao hawajuti. Mwenzao akilia, humtazama kama atazamaye mvua. Jirani humwita mtoto huyo mwana wa laana, mwalimu hukimbilia bakora, na mashitaka humfikia sheha. Lakini je, ndugu wasomaji, jambo hili tumelifahamu kabla ya kulihukumu?

Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilitaja katika mwongozo wake alama nne: kutojuta, kutohurumia wengine, kutojali kufaulu au kushindwa, na ukavu wa hisia. Sharti zionekane mbili au zaidi, kwa muda usiopungua miezi 12, nyumbani na nje, kwa mtoto ambaye mwenendo wake umekwisha haribika. Kosa la siku moja si hoja.

Tena tusichanganye mambo. Mtoto mwenye usonji huenda asitambue kuwa umeudhika, lakini akitambua huumia. Asiye na huruma hutambua vyema, ila hajali. Mwengine hupiga kwa papara ya kutotulia, kisha akajuta. Na mwengine moyo umemfa ganzi kwa mateso aliyoyaona. Sura ni moja, asili ni mbalimbali. Basi dawa haiwezi kuwa moja.

Mwaka 2005, Essi Viding na wenzake walichunguza pacha wa miaka 7 wa Uingereza na Wales, wakaona kuwa kwa waliokithiri tabia hiyo, urithi una sehemu ya thuluthi mbili. Kwa hiyo tusiharakie kumlaumu mama. Hata hivyo urithi si hukumu ya milele. Mwaka huo huo Hawes na Dadds, huko Australia, waliwafuatia wavulana wa miaka 4 hadi 8 ambao wazazi wao walifundishwa malezi. Kutengwa kwa muda mfupi, kama adhabu, hakukuwafaa sana wale wakavu wa huruma. Kusifiwa na kutuzwa kwa jema kuliwafaa kama wenzao.

Hapa ndipo lilipo funzo letu. Mtoto asiyetishika na adhabu, ukimzidishia bakora unamthibitishia analolidhani: kwamba maumivu ya mwenziwe si kitu. Ni wajibu wa wazazi, walimu na viongozi kumfikisha kwa mtaalamu mapema, na kuliona jema lake hata likiwa dogo. Samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja.