Kumhoji Shahidi kwa Kiswahili: Swali Kanushi na Uzito wa "Ndiyo" katika Mafunzo ya Mawakili

Kumhoji shahidi ni stadi inayopatikana kwa kutenda. Nchini Tanzania, mafunzo yake hutolewa na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Sheria ya Ushahidi imeweka hatua tatu. Ya kwanza ni mahojiano makuu, ambapo shahidi huulizwa na upande uliomwita. Hapa maswali elekezi, yaani yanayodokeza jibu linalotakiwa, hayaruhusiwi upande wa pili ukiyapinga, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. "Ulimwona nani?" ni swali linalofaa, "Ulimwona mshtakiwa akitoka dukani, sivyo?" linakaribisha pingamizi. Ya pili ni maswali ya dodoso, ambamo maswali elekezi yanaruhusiwa. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba jambo la msingi ambalo shahidi hakudodoswa huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Ya tatu ni maswali ya ufafanuzi juu ya yaliyojitokeza katika dodoso.

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata hivyo, shahada za sheria zimefundishwa kwa Kiingereza kwa muda mrefu, na mawakili wengi wamezoea miundo ya maswali ya lugha hiyo. Tatizo hudhihirika zaidi katika swali kanushi. Katika shauri la wizi wa usiku, wakili humuuliza shahidi: "Taa haikuwaka?" Shahidi hujibu: "Ndiyo." Kwa Kiswahili, jibu hilo kwa kawaida huthibitisha kauli iliyomo katika swali: ni kweli, haikuwaka. Mzungumzaji wa Kiingereza angeeleza jambo hilohilo kwa neno la kukana. Isitoshe, wapo Waswahili wanaojibu "Hapana, haikuwaka." Hivyo, ukweli mmoja hubeba majibu mawili yanayopingana kwa sura.

Athari yake si ndogo. Ushahidi kwa kawaida huandikwa kwa mtindo wa masimulizi, si swali na jibu, swali likitoweka, "Ndiyo" inaweza kuingia katika kumbukumbu kama "Taa iliwaka." Rufaa husikilizwa kwa kutegemea kumbukumbu hizo. Katika utambuzi wa usiku, Mahakama ya Rufani ilisisitiza katika uamuzi wake wa mwaka 1980 kwamba mwanga, umbali na muda wa kumtazama mtu ni mambo ya kupimwa. Neno moja lililopotoshwa laweza kumfunga asiye na hatia au kumwachia mkosaji.

Kwa hiyo, mazoezi katika mahakama ya mfano yanapaswa kuwa na mambo matatu. Mosi, mwanafunzi aulize jambo moja kwa swali moja, kwa kauli yakinishi: "Taa ilikuwa imezimwa?" Pili, akipata jibu tata, amwombe shahidi alitamke kwa sentensi kamili. Tatu, mwanafunzi mwenzake aandike ushahidi kama hakimu, kisha kumbukumbu isomwe mbele ya wote. Hapo ndipo itakapobainika kama alichosema shahidi ndicho kilichoandikwa.