Daktari wa viungo mwenye kliniki yake ajikinge vipi?

Mama mwenye ugonjwa wa kisukari anakwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, au daktari wa viungo kama wengi tunavyomwita, akilalamikia maumivu ya kifundo cha mguu. Analazwa kitandani, anafungwa mfuko wa moto mguuni, na mtaalamu anatoka kidogo kumwona mgonjwa mwingine. Mama hasemi lolote kwa sababu hasikii maumivu: kisukari kilikwisha kufisha hisi za mguu wake. Kufikia jioni mguu umetoka malengelenge. Baada ya majuma mawili ni kidonda kinachokataa kupona.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini hatari yenyewe ni ya kweli, na kila mwanafunzi wa fiziotherapia huonywa juu yake. Swali ni hili: nani atamlipa mama huyo gharama za hospitali, siku alizokosa kufungua duka lake, na pengine mguu wenyewe?

Iwapo matibabu hayo yalifanywa hospitalini na mtaalamu aliyeajiriwa huko, kwa kawaida hospitali ndiyo hujibu, kwa sababu kisheria mwajiri huwajibika kwa makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Lakini iwapo yalifanywa katika kliniki ya mtaalamu mwenyewe, mzigo wote ni wake. Aliyesajili kliniki kama biashara ya mtu mmoja huweza kufuatwa hadi kwenye gari lake na kiwanja chake. Hata aliyesajili kampuni hajaepuka, kwani anaweza kushtakiwa yeye binafsi kwa uzembe wa mikono yake.

Wapo pia wale walioajiriwa mchana, na jioni huzunguka mitaani kuwatibu wagonjwa wa kiharusi nyumbani kwao. Wengi wao hudhani kwamba bima ya hospitali inawafuata hadi huko. Haiwafuati. Mgonjwa wa jioni ni wako, na akianguka unapomfundisha kutembea upya, jibu ni lako.

Bima ya kosa la kitaaluma

Bima ya kwanza ambayo mtaalamu wa kujitegemea anahitaji ni ile ya kosa la kitaaluma. Hii humlinda mgonjwa akidai kwamba aliumizwa na matibabu au ushauri aliopewa. Mbali na kuungua, mifano ni mingi: mgonjwa mwenye kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo kuwekewa mashine ya umeme, shingo kunyongwa kwa nguvu ilhali mishipa yake ya damu ina hitilafu, au sindano ya kulegeza misuli kuchomwa karibu na kifua na kutoboa utando wa pafu.

Bima hii hulipa fidia ambayo mahakama itaamuru, na mara nyingi pia ada za mawakili, hadi kiwango kilichoandikwa katika mkataba. Usiidharau hiyo sehemu ya mawakili. Hata daktari asiye na kosa hulazimika kujitetea, na utetezi una gharama.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Mikataba mingi ya aina hii hulipa tu madai yanayoletwa wakati bima ingali hai, wala haitazami tu siku ambayo mgonjwa aliumia. Tuseme ulimtibu mtu mwaka 2023 ukiwa na bima, ukaiacha mwaka 2024, na barua ya wakili ikafika mwaka 2025. Hutalipwa hata senti moja. Nchini Kenya, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka humpa aliyeumia kwa uzembe muda wa miaka 3 kufungua kesi, na mahakama huweza kuongeza muda kwa aliyekuwa hajui mambo muhimu kuhusu madhara yake. Kwa hivyo anayefunga kliniki, anayestaafu au anayehamia ng'ambo aulize kampuni yake jinsi ya kuendelea kulindwa kwa miaka kadhaa baada ya kuacha kazi. Naye anayehama kutoka kampuni moja hadi nyingine ahakikishe mkataba mpya unatambua kazi aliyoifanya miaka ya nyuma.

Sakafu iliyolowa na mfanyakazi aliyeumia

Si kila ajali ya kliniki hutokana na matibabu. Mgeni aliyemleta babake anaweza kuteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki muda mfupi uliopita na kuvunjika mkono. Bima ya kosa la kitaaluma haitamlipa, kwa kuwa hakuwa akitibiwa. Hapo ndipo inapohitajika bima ya dhima kwa umma. Wenye nyumba wengi mijini huitaka kabla ya kukodisha chumba, hivyo soma vyema mkataba wako wa kupanga.

Iwapo umeajiri mtu yeyote, hata kama ni karani wa mapokezi na mfanyakazi wa usafi pekee, bima yao si hiari. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huijua kwa jina la WIBA, humlazimu kila mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, sheria hiyo hupima fidia kwa mapato ya miezi 96. Kwa mfanyakazi anayelipwa Sh25,000 kwa mwezi, hizo ni Sh2,400,000. Ni kliniki ngapi ndogo zinazoweza kutoa fedha hizo mfukoni?

Mashine, na hila ya kupunguza bei

Vitanda vya matibabu, mashine za umeme na za mawimbi ya sauti ni ghali, na wezi wanajua hivyo. Bima ya moto na wizi hushughulikia vifaa vilivyomo ndani ya kliniki. Lakini mashine ndogo unayoibeba garini kwenda kwa wagonjwa huwa nje ya bima hiyo usipoomba iandikwe kwamba inalindwa popote ilipo. Bima ya gari nayo hulinda gari; usitarajie ilipe mashine iliyoibwa kutoka butini.

Wengine hutaja thamani ndogo ili walipe ada ndogo. Huko ni kujidanganya. Chukua mfano wa vifaa vyenye thamani ya Sh800,000 ambavyo mwenyewe ameviandikisha kwa Sh400,000. Ikiibwa mashine ya Sh200,000, kampuni itasema: uliweka bima kwa nusu, tunakulipa nusu. Atapata Sh100,000, tena baada ya kukatwa ile sehemu ya hasara ambayo kila mwenye bima hukubali kuibeba mwenyewe.

Mambo yanayovunja bima

Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli. Ukificha jambo kubwa, kama vile malalamiko ya awali ya mgonjwa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Hali kadhalika ukifanya tiba ambayo hukuitaja, au usiyokuwa na mafunzo yake. Iwapo umeanza kutumia sindano, waarifu. Iwapo una msaidizi au mwanafunzi anayewagusa wagonjwa, uliza kama naye yumo.

Leseni ni jambo jingine. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda Baraza la kusajili na kusimamia wataalamu hawa nchini. Anayetibu bila usajili na leseni halali anavunja sheria, na asishangae kampuni ya bima ikimgeuzia mgongo.

Mgonjwa akiumia, mhudumie kwanza na umpeleke hospitalini ikibidi. Mweleze kwa ukweli yaliyotokea na umpe pole. Huo ni utu na ni wajibu wa kazi. Lakini usimwahidi malipo wala usitie sahihi makubaliano yoyote kabla ya kuzungumza na kampuni yako, kwa kuwa mikataba mingi hukataza hivyo. Iarifu kampuni mara moja kwa maandishi, bila kungoja barua ya wakili.

Kumbukumbu za mgonjwa ndizo ngao yako mahakamani. Andika ulichouliza, ulichopima, idhini aliyokupa na jinsi ngozi ilivyokuwa kabla na baada ya matibabu. Katika kisa chetu cha mama wa kisukari, kupima hisi za mguu kwa maji ya moto na baridi huchukua dakika chache tu. Kipimo hicho kingeuokoa mguu, na kingemwokoa daktari pia. Usiyabadilishe maandishi hayo baada ya ajali, maana karatasi iliyofutwa humwangusha hata asiye na hatia.

Kwa mgonjwa

Huenda unasoma haya nawe si daktari wa viungo bali una mgongo unaouma. Yanakuhusu pia. Fidia ambayo mahakama imekupa haina maana ikiwa aliyeamriwa kulipa hana kitu. Kwa hivyo usione haya kuuliza, kabla ya kulala kwenye kitanda hicho, kama mtaalamu ana leseni ya Baraza na kama ana bima ya kazi yake. Usichanganye bima hiyo na ile yako ya matibabu. Ile yako hulipia huduma. Hii yake hulipia madhara.

Naye mtaalamu anayefungua kliniki yake, kabla ya kupaka ukuta rangi na kutundika kibao, aketi na wakala wa bima aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kusimamia Bima. Amweleze kazi yake yote bila kuficha, kisha asome mkataba, hasa ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika bima hakuna njia nyingine, kwani hatari ikishafika hakuna kampuni itakayokuuzia kinga yake.