AJALI YA NDEGE NDOGO WAKATI WA KUTUA: SABABU NA MAFUNZO YAKE

Usiku wa tarehe 29 Novemba, 1975, ndege ndogo ya binafsi aina ya Piper Aztec, yenye injini mbili, ilianguka katika uwanja wa gofu wa Arkley, kaskazini ya London, ilipokuwa ikikaribia kutua katika kiwanja cha Elstree. Watu wote sita waliokuwemo walifariki dunia. Rubani alikuwa Graham Hill, bingwa wa dunia wa mbio za magari katika mwaka 1962 na 1968, aliyekuwa akirejea kutoka Ufaransa pamoja na watu wa timu yake.

Usiku huo ulitanda ukungu mzito. Katika kiwanja kidogo kisicho na mitambo ya redio ya kumwongoza rubani hadi chini, humlazimu rubani azione taa za njia kwa macho yake mwenyewe. Taa zikifunikwa na ukungu, hushawishika kushuka kidogo zaidi ili azione. Hapo ndipo penye hatari, kwani kipimo cha urefu humjulisha kimo cha ndege, wala hakimwoneshi mti ulio mbele yake. Ndege hiyo iligonga miti kabla ya kufika kiwanjani.

Uchunguzi uliofanywa nchini Uingereza haukuthibitisha sababu kwa yakini, ila kosa la rubani lilionekana kuwa ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Aidha, ilidhihirika kwamba vyeti vya rubani vya kuruka katika hali ya hewa kama hiyo vilikuwa vimekwisha muda wake. Ndege nayo ilikwisha kufutwa katika daftari la usajili la Marekani bila ya kusajiliwa kwengine, ijapokuwa alama zake za zamani zilikuwa zingali ubavuni. Kwa sababu hizo bima ilikosa nguvu, na familia za abiria waliofariki zikalazimika kudai fidia katika mirathi ya rubani.

Hivyo basi, kila mwenye ndege anapaswa kuhakikisha kwamba usajili, vyeti na bima viko hai kabla ya safari. Rubani naye, akikuta kiwanja kimefunikwa, aelekee kiwanja chengine chenye uwazi, hata kama nyumbani kwake ni karibu. Na abiria asione haya kuuliza, kwani abiria hao watano waliuamini ujuzi wa mwenyeji wao, na jamaa zao ndio waliobaki na hasara.